Jina la Pelatia

Netofa, mwezi wa Kisleu, mwaka wa thelathini wa mfalme Artashasta

Kwa shemeji yangu Shelemia mwana wa Hodavia, askari wa kikosi cha bendera ya Artabanu, kisiwani Yebu, nchi ya Misri. Kutoka kwa Hogla, mke wa ndugu yako Pelatia.

Mungu wa mbinguni akujulie hali kila saa. Sisi huku ni wazima. Nimesema sisi kwa mazoea tu, shemeji. Niko peke yangu.

Ndugu yako amefariki. Sijui kuzungusha maneno, na hata ningejua, umbali huu haubebi mzunguko. Homa ilimshika tukiwa tunakamua zeituni. Akasema atapumzika kidogo, kisha tumalizie. Nikammalizia mimi, yeye akapumzika moja kwa moja. Tumemzika pangoni kwa baba yenu Hodavia. Nililia mpaka majirani wakaja kunisihi ninyamaze, nikanyamaza kwa ajili yao.

Mimi na wewe hatujawahi kuonana. Ulipokwenda kuwashikia Waajemi mkuki, mimi nilikuwa bado Keila, kwa baba yangu Asareli. Kwa hiyo naona haya kukuandikia hili ninaloandika. Lakini nisipoliandika mimi, nani ataliandika?

Desturi unaijua. Naisema hata hivyo, usije ukaniambia umesahau kwa jua la huko. Mtu akifa bila mtoto, ndugu yake humchukua mjane, na mtoto wa kiume wa kwanza huitwa mwana wa marehemu, jina lisifutike. Ndugu asipotaka, huja langoni, mjane akamvua kiatu mbele ya wazee na kumtemea mate, na toka hapo mjane yuko huru. Hodavia alizaa wawili tu, na mmoja tumemzika. Umebaki wewe.

Basi nakuomba kimoja kati ya hivyo viwili. Njoo unichukue, au njoo nikuvue kiatu. Usichague cha tatu, cha kukaa kimya, maana ukinyamaza mimi nitabaki mke wa mtu nisiyemjua, na hakuna mwanamume mwingine atakayethubutu hata kunisaidia kujitwika mtungi.

Kisimani wameshaacha kuniita kwa jina. "Mpisheni mke wa marehemu." "Mke wa marehemu, kamba yako hiyo." Wananiheshimu, najua. Lakini kuna siku natamani mtu aniite Hogla, hata kwa ugomvi.

Anayeniandikia ni Rehumu mfinyanzi. Anajua herufi kwa sababu ya kupiga mihuri ya majina ya watu kwenye mikono ya mitungi. Anauliza kama ni kweli huko mnakula samaki mwenye ndevu.

Mimi, Hogla


Yebu, mwezi wa Adari, mwaka wa thelathini

Kwa shemeji yangu Hogla. Kutoka kwa Shelemia.

Barua yako ilinikuta niko zamu juu ya ukuta. Nikaisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Mkuu wa zamu akanipigia kelele, "We Myahudi, ukuta ni wa kulindwa au wa kulaliwa?" Nikamwambia kaka yangu amekufa. Akaniacha. Mwajemi yule si mtu mbaya.

Shemeji, utotoni mwetu Netofa ilikuwa na akina Shelemia watano. Kulikuwa na Shelemia Mkubwa, Shelemia Kipara, Shelemia wa Kisimani, na mmoja ambaye jina lake siwezi kumwandikia mwanamke. Mimi nilikuwa Shelemia wa Pelatia. Nikiiba tini, watu hawakusema nani kaiba, walisema, "Mwiteni Pelatia, mdogo wake huyo hapa." Naye alikuja, akanilipia, akanipiga njiani mpaka nyumbani. Sasa nimekuwa Shelemia wa nani? Huku naitwa kwa bendera. Nikifa leo watasema mtu mmoja wa Artabanu amepungua, basi.

Nitakuja. Nakuapia kwa Mungu wa mbinguni, nitakuja. Kamanda hatoi ruhusa kabla mto haujapungua, lakini ukishapungua tu nitaungana na msafara wa kwanza. Ni kipi nitakachokuja kufanya kati ya vile viwili, tutaongea uso kwa uso. Je, dengu unajua kupika? Kama huwezi, jiandae kukivuta kiatu, maana mguu wangu umenenepa. Napikiwa vizuri huku.

Mwambie Rehumu kwamba samaki mwenye ndevu simli. Namtazama tu, naye ananitazama.

Usilie peke yako, shemeji. Huku nami nalia.

Shelemia wa Pelatia


Netofa, mwezi wa Elul, mwaka wa thelathini na moja

Kwa shemeji Shelemia. Kutoka kwa Hogla.

Amani kwako. Mto wenu ulipungua, shemeji? Au huo wa kwenu ukijaa umejaa? Nimeona misafara miwili ikipita barabara ya chini, na mara zote mbili nimejitanda shela yangu nzuri nikakaa mlangoni mwa nyumba ya ndugu yako. Mara ya pili wale wauza chumvi walinicheka. "Huyu anamngoja nani?" Nikaingia ndani. Nilipika dengu siku hizo zote mbili, ujue.

Na nina swali. Ulisema unapikiwa vizuri. Unapikiwa na nani?

Sasa sikiliza, maana hili ni zito. Kuna mtu. Mtu mwenyewe ndiye anayeandika barua hii, na masikio yamemwiva. Nimemwambia aandike vilevile ninavyosema, asiruke hata neno. Rehumu amefiwa na mkewe miaka mitatu sasa. Ana watoto wawili wa kike ambao nywele zao hazijawahi kusukwa sawasawa tangu mama yao afe. Amesema siku nitakapofunguliwa atanioa. Hakusema kwa maua, alisema huku anakanda udongo, lakini alisema.

Basi sikuhitaji tena unichukue. Nakuhitaji uje nikuvue kiatu. Kuvuliwa kiatu si kukatwa mguu, shemeji. Utasimama kidogo, wazee watasema maneno yao, mimi nitafanya yangu, utavaa kiatu kingine urudi kwa mfalme wako.

Nilikwenda kwa wazee kuwauliza kama kuna njia nyingine. Mzee Ashuri, ambaye ndiye mkubwa wao, alinisikiliza vizuri. Alisema, "Mwanangu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Tukae mwaka mmoja. Kama Shelemia haonekani wala hasikiki, tutamhesabu miongoni mwa waliopotea, nawe utakuwa kama mjane asiye na shemeji." Hilo ni la mwaka mzima. Lakini mwaka mzima ni mrefu kwa mwenye watoto wadogo. Ukija wewe, itakuwa siku moja.

Njoo, tafadhali. Nimechoka kula peke yangu.

Hogla


Yebu, mwezi wa Tebethi, mwaka wa thelathini na moja

Kwa Hogla, shemeji yangu, na kwa Rehumu asomaye. Kutoka kwa Shelemia.

Furahini! Kaeni chini kwanza, kisha furahini.

Nilikuficha jambo, shemeji, na nalisema sasa kwa kuwa limegeuka kuwa heri. Ninaye mke. Anaitwa Taneferi, binti wa mpiga makasia wa hapa kisiwani. Ni Mmisri. Ana domo, ana huruma, na ndiye anayenipikia. Sikukuandikia kwa sababu barua yako ya kwanza ilikuja na msiba, na katika msiba mtu hasemi, "Na mimi nina mke." Halafu kila nilipotaka kusema niliona muda umeshapita.

Sasa Mungu ametupa mtoto wa kiume. Siku ya nane nilimpeleka mbele ya ndugu zetu, Wayahudi wote wa bendera yetu, nikamshika juu nikasema kwa sauti, "Huyu ni Pelatia! Haitwi kwa jina langu. Ni Pelatia mwana wa Pelatia mwana wa Hodavia wa Netofa. Nimemsimamishia kaka yangu jina." Wote wakaitika amina. Wengine walitoa machozi, hata Natani mwenye mguu mmoja, ambaye machozi yake ni nadra.

Unaona, shemeji? Kazi imekwisha. Jina la kaka halikufutika. Mjane hufungwa mpaka jina lizaliwe, na jina limeshazaliwa. Hapana kiatu, hapana mate, hapana safari ya jangwani. Peleka barua hii langoni, Rehumu awasomee wazee kwa sauti, kisha olewa. Nakupa baraka zangu zote. Msuke wale watoto nywele.

Nilipomshika yule mtoto, Hogla, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nitoke nyumbani.

Shelemia, baba wa Pelatia. Tazama, sasa nina jina.


Netofa, mwezi wa Nisani, mwaka wa thelathini na mbili

Kwa Shelemia. Kutoka kwa Hogla.

Barua yako imesomwa langoni kama ulivyotaka. Rehumu aliisoma vizuri, kwa sauti, na alipomaliza alikuwa anatabasamu. Nami nilikuwa natabasamu. Tulikuwa wajinga wawili.

Mzee mmoja akacheka. Halafu mzee Ashuri akauliza, "Mtoto huyo amezaliwa na nani?" Rehumu akasema, na Taneferi binti wa mpiga makasia. Mzee akatikisa kichwa. "Jina la marehemu huzaliwa na mjane wake, katika nyumba yake, juu ya shamba lake. Huyo wa Yebu ni mtoto wa Shelemia aliyepewa jina la baba mkubwa. Ni jina zuri, hongera zao. Halimfungui mtu."

Nikasema, basi nihesabiwe kama mlivyoniahidi, mwaka unakaribia kwisha. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Mwanangu, tulisema kama haonekani wala hasikiki. Huyu amesikika. Yuko hai, anazaa, na mbele ya mashahidi ametamka kwamba wajibu wa kumsimamishia nduguye jina ni wake. Ameukubali kwa kinywa chake. Sasa hatuwezi kusema amepotea. Wewe ni wake mpaka aje."

Umenielewa? Ilikuwa imebaki miezi michache. Ungenyamaza tu, jambo lile lile nililokukataza, ningekuwa huru. Umeandika kwa upendo, umenifunga kwa kamba mpya. Nilikuwa nimekaa pale chini kwenye mavumbi, wanaume wanasema, "Pole, pole, mke wa Shelemia." Sasa hata yule marehemu nimenyang'anywa, naitwa kwa jina lako!

Na hasira yangu nyingine ni hii, nayo siwezi kuimeza. Pelatia alikuwa wangu. Nilimfunga mimi kitambaa cha kidevu alipokufa. Wewe umelichukua jina lake umempa mtoto wa mtu nisiyemjua, umeitikiwa amina na marafiki zako, mkala mkanywa. Mimi hukunitumia hata salamu ya kuniuliza.

Rehumu anasema atangoja. Anasema huku anatazama pembeni. Watoto wake wanahitaji mama leo.

Njoo uvuliwe kiatu. Sitaandika tena maneno matamu.

Hogla


Yebu, mwezi wa Sivani, mwaka wa thelathini na mbili

Kwa Hogla. Kutoka kwa Shelemia.

Nimesoma, nimejiona mpumbavu. Haki ya Mungu, sikukusudia. Unaweza kunitukana zaidi, una haki.

Lakini nisikilize na mimi. Unamkumbuka yule babu wa wana wa Kiroboto wa hapo Netofa? Humkumbuki, hakuna anayemkumbuka. Baba yangu alisema alikuwa mtu mwadilifu, mkulima hodari. Siku moja alijikuna mbele ya watu kwenye arusi. Mara moja tu! Leo vitukuu vyake vinaitwa Kiroboto. Wanaoa kama wana wa Kiroboto, wanazikwa kama wana wa Kiroboto, na jina halisi la yule mzee limepotea kabisa.

Nikivuliwa kiatu, mzee Ashuri atatangaza jina la nyumba yangu mpya: Nyumba ya Aliyevuliwa Kiatu. Hiyo ndiyo desturi, na jina hilo halitoki. Wafanyabiashara hutembea, maneno hutembea. Nimemshika mtoto huyu juu nikasema ni Pelatia mwana wa Pelatia. Akikua, watu wa kwetu watamwita mwana wa Aliyevuliwa Kiatu. Huku tayari wanamwita nusu Mmisri. Nimwongezee na hilo? Wewe ungekuwa mama yake ungekubali?

Sikatai kwa kiburi. Naogopa. Niambie kuna njia nyingine, nitaifanya hata ikiwa ngumu.

Shelemia


Netofa, mwezi wa Elul, mwaka wa thelathini na mbili

Kwa Shelemia. Kutoka kwa Hogla.

Barua hii imeandikwa na mzee Zakuri, mwandishi wa langoni. Rehumu ameoa. Alimwoa binti mmoja wa Betsuri baada ya mavuno. Alikuja kuniambia mwenyewe, akasimama mlangoni, hakukaa. Simlaumu. Nimewaona wale watoto, wamesukwa.

Najua unawaza, "Basi, kama mwenyewe ameoa, nije kufanya nini?" Njoo hata hivyo.

Mtoto wako ana majina matatu hata kabla hajaota meno. Ni wa kwako, ni wa kaka yako, ni wa mama yake. Mimi ni wa nani? Mume wangu yumo pangoni. Baba yangu amekufa. Siwezi kurudi Keila kwa ndugu zangu, kwa sababu mke wa mtu haondoki nyumbani kwa mumewe, na mume mwenyewe ni wewe, uko Misri unakula vizuri. Juzi niliumwa, siku mbili hakuna aliyejua. Ningekufa, wangeniandika mke wa nani kwenye jiwe?

Mtoto wako atakuwa na jina baya langoni Netofa, mahali ambapo huenda asifike maisha yake yote. Mimi nakaa hapa.

Siombi mume tena. Naomba kuwa binti Asareli.

Hogla


Yebu, mwezi wa Tebethi, mwaka wa thelathini na mbili

Kwa Hogla wa Netofa. Mimi ni Taneferi, mke wa Shelemia. Ninamwambia mwandishi kwa Kimisri, naye anaandika kwa lugha yenu, kwa hiyo kama kuna adabu inakosekana ni yake.

Shelemia ameondoka leo na msafara wa wauza magadi. Nimemfukuza mimi. Barua zako alikuwa amezificha chini ya mkeka, anazitoa, anazisoma, anazirudisha, mpaka nikamwambia, "Nisomee na mimi au nitazitupa mtoni." Akanisomea. Nilipiga kelele kisiwa kizima kikasikia. Sisi huku mwanamke akimchoka mume husimama mbele ya watu akasema nimemchoka, akachukua vitu vyake akaondoka. Ninyi mnamfunga mtu kwa kiatu kilichoko nchi nyingine! Nikamwambia, "Nenda ukavuliwe hicho kiatu. Kama watamcheka mwanangu, atajifunza kupigana."

Lakini kuna jambo moja ulilosema kwa hasira, nami nataka kulijibu. Jina la mtoto halikuwa wazo lake. Mimi nilitaka aitwe kwa jina la babu yangu. Ila tangu ilipofika barua yako ya msiba, mume wangu alikuwa analia usingizini kama mtoto, anaita, "Pelatia, Pelatia, ningoje." Nikimwamsha anasema hakuota kitu. Miezi na miezi. Mtoto alipozaliwa nikasema, basi tumwite huyo huyo Pelatia, awe anaitwa mchana, labda usiku utalala. Akakubali, akafurahi, halafu akaanza kutengeneza hayo mambo ya langoni na wajibu. Wanaume ndivyo walivyo, hawawezi kulia bila kutafutia sheria.

Tangu siku hiyo analala.

Mimi sikujua kwamba jina lile lina mwenyewe. Kama nimekuibia, niambie nitalitoa. Mtoto bado mdogo, atalizoea jingine.

Taneferi


Netofa, mwezi wa Nisani, mwaka wa thelathini na tatu

Kwa Taneferi wa Yebu. Kutoka kwa Hogla binti Asareli.

Amani kwako na kwa mtoto. Barua hii anaileta mumeo mwenyewe. Nimeifunga na kuipiga muhuri, kwa hiyo ikifika imefunguliwa, mpigie kelele.

Alifika asubuhi, kukiwa na watu wengi langoni. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Miaka yote hii nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia, mengine makali sana, na nilikuwa nimeyapanga kichwani. Kisha akageuka, na mimi nikasahau yote.

Taneferi, hakuna aliyenieleza kwamba wanafanana. Ni Pelatia yule, mnene kidogo. Pua ile, kile kipara kinachoanzia pembeni, na namna ya kusimama ameegemea mguu mmoja. Niliinama kufungua gidamu ya kiatu, fundo limekaza kwa safari. Akasema polepole, wazee wasisikie, "Anzia kushoto, shemeji." Na sauti ilikuwa ile ile. Nilikaa pale chini nimeshika mguu wa mume wangu, siwezi kuinuka. Mzee Ashuri akafikiri nimeingiwa na haya. Akasema, "Haya mwanangu, maliza."

Nikamaliza. Nilivua kile kiatu, nikasimama, nikamtazama usoni, nikamtemea mate. Hakufumba macho. Nikasema maneno yanayosemwa, kwamba hivi ndivyo anavyotendewa mtu asiyejenga nyumba ya ndugu yake. Wazee wakatangaza jina la nyumba yake, na watu wakalirudia. Vijana wengine walicheka. Yeye akapangusa uso kwa mkono wa kanzu, akaniinamia kama mtu anavyomwinamia aliyefiwa, akaondoka anachechemea, mguu mmoja peku kwenye changarawe.

Mzee Ashuri akaniuliza mbele ya watu nitaitwa nani toka leo. Nikasema, Hogla binti Asareli wa Keila. Akalirudia kwa sauti, na wote wakasikia. Niliyaomba maneno hayo miaka mitatu. Nilidhani nitafurahi. Nilikwenda nyumbani, nikafunga mlango, nikalia kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi, maana siku ile majirani walininyamazisha.

Nimekuwa huru, Taneferi, na niseme ukweli, uhuru wenyewe ni mkimya sana. Kesho kutwa naondoka kwenda Keila, kwa kaka yangu. Shamba na nyumba vinakwenda kwa binamu za Pelatia na mumeo. Wao wana majina yao, na watoto wao wana majina yao. Mke wa marehemu hayupo tena, kwa hiyo marehemu naye hana wa kumtaja. Nikiwa Keila sitaruhusiwa kusema mume wangu. Nimeshafunguliwa kwake.

Kuhusu mtoto, usimbadilishe jina. Niliposema mmeniibia nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa na haki yake siku ile. Sasa imekwisha. Mlee vizuri, na akipigana apigane na wa rika lake tu.

Nakuomba kitu kimoja, nami sitakuomba kingine. Jioni, chakula kikiwa tayari, na mtoto akishakua yuko nje na wenzake, usimtume mtu akamlete. Toka mlangoni umwite mwenyewe, kwa sauti kubwa, kwa jina lake. Umwite hata mara mbili. Huku hakuna tena anayeliita.

Hogla binti Asareli